Kutazama Ndege, Kuwahesabu na Kuwalinda

Kutazama ndege ni kwenda mahali walipo, kuwatambua kwa umbo, mwendo na sauti, kisha kuandika walioonekana. Hakuna ndege anayekamatwa wala kupigwa. Mtazamaji hurudi nyumbani na jina la ndege, tarehe na mahali, basi. Maelezo hayo machache, yakikusanywa na watu wengi kwa miaka mingi, huonyesha ndege yupi anapungua, anapungulia wapi na kwa sababu gani. Kwa njia hiyo burudani ya asubuhi imekuwa moja ya nguzo za uhifadhi wa ndege, na pwani, nyika na milima ya Afrika Mashariki ina mifano mizuri ya jambo hilo.

Dunia nzima ina takriban aina 11,000 za ndege. Kenya, Tanzania na Uganda, kila nchi peke yake, ina zaidi ya aina 1,000. Wingi huo unatokana na mambo mawili. La kwanza ni mazingira. Kutoka mikoko ya Bahari ya Hindi hadi nyika kavu, kutoka maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa hadi misitu ya milima yenye ukungu, masafa si marefu, na kila mazingira yana ndege wake. Milima ya Usambara, Uluguru, Udzungwa na Taita ina ndege wasiopatikana kwingine kokote, kwa kuwa misitu yake imetengana na misitu mingine kwa muda mrefu sana. Kisiwa cha Pemba, licha ya udogo wake, kina aina nne za pekee: bundi wake, njiwa wake wa kijani, chozi wake, na kindege mdogo wa manjano mwenye duara jeupe kuzunguka jicho. Jambo la pili ni njia za uhamaji. Kuanzia Septemba hadi Aprili, ndege waliozaliana Ulaya, Siberia na Asia ya Kati hukimbia baridi na kuja kusini. Mbayuwayu anayetua kwenye nyaya za umeme Nakuru au Morogoro mwezi wa Novemba huenda alilea makinda yake chini ya paa la zizi huko Ulaya miezi michache tu kabla.

Gharama ya kuanza ni ndogo. Kinachotakiwa kwanza ni daftari, kalamu na subira. Darubini huongeza raha na usahihi, na anayenunua anafaa kuelewa nambari zilizoandikwa juu yake. Darubini ya 8x42 hukuza kitu mara 8, na kioo chake cha mbele kina kipenyo cha milimita 42. Kadiri kioo cha mbele kilivyo kikubwa ndivyo mwanga unavyoingia kwa wingi, na hilo lina faida msituni na alfajiri. Wanaoanza hudhani kwamba ukuzaji mkubwa ni bora zaidi, lakini darubini inayokuza mara 10 au 12 hutikisika zaidi mkononi na huonyesha eneo dogo, kiasi kwamba ndege anayerukaruka kati ya majani hupotea kabla hajaonekana vizuri. Kwa watu wengi, 8x42 au 8x32 inatosha kwa miaka mingi.

Baada ya darubini huja kitabu cha mwongozo. Kile cha Terry Stevenson na John Fanshawe, kilichotoka mwaka 2002, kina picha za kuchorwa za ndege wa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi pamoja na ramani za mahali wanapopatikana. Picha ya kuchorwa ina faida kuliko ya kamera, kwa sababu mchoraji huonyesha alama zote za ndege katika mwanga mzuri na kumweka karibu na anayefanana naye. Siku hizi zipo pia programu za simu. Merlin, iliyotengenezwa na Maabara ya Cornell ya Marekani, husikiliza sauti na kupendekeza jina la ndege. Msaada huo ni mkubwa, lakini pendekezo la simu linafaa kuthibitishwa kwa macho kabla halijaingia daftarini.

Utambuzi una utaratibu wake. Rangi ndiyo inayovutia kwanza, nayo hudanganya kuliko alama nyingine zote. Mnana dume huwa wa manjano yenye kung'aa wakati wa kujenga viota, lakini msimu ukipita huvaa manyoya ya kahawia iliyofifia, akafanana na jike na hata na minana wa aina nyingine. Mtazamaji mzoefu huanza na ukubwa: je, ndege huyu ni mdogo kuliko shomoro, analingana na njiwa, au ni mkubwa kuliko kunguru? Kisha huangalia mdomo, kwa maana mdomo hueleza chakula. Mdomo mwembamba uliopinda wa chozi ni wa kufyonzea maji matamu ya maua, ule mrefu ulionyooka wa mdiria ni wa kunasia samaki au panzi, na ule mfupi mnene wa wala nafaka ni wa kupasulia mbegu. Baada ya hapo huja miguu, mkia, namna ya kuruka, na mahali ndege alipokaa: ardhini, kichakani, kwenye shina au juu kabisa ya mti.

Sauti ni elimu nyingine kamili. Msituni ndege wengi husikika bila kuonekana, na mtu anayejua sauti atatambua aina nyingi zaidi kuliko anayetegemea macho peke yake. Dudumizi hujificha kichakani, lakini mlio wake wa kushuka, unaofanana na maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa, haukosewi na mtu aliyeusikia mara moja. Wakati mzuri wa kusikiliza ni kuanzia mapambazuko hadi saa tatu asubuhi, ndege wanapoimba na kutafuta chakula. Adhuhuri yenye jua kali wengi hukaa kimya, kisha huchangamka tena jua likielekea kuchwa.

Anayeanza hana haja ya kwenda mbali. Ua wa nyumba, uwanja wa shule, dimbwi la maji au shamba la mpunga lina ndege wa kutosha kwa miezi ya kwanza. Faida ya kuanza nyumbani ni kwamba ndege wa kawaida hujulikana vizuri, na anayewajua wa kawaida humtambua mgeni papo hapo. Nairobi, jiji lenye mamilioni ya watu, lina hifadhi ya taifa kwenye mpaka wake ambayo imeorodhesha zaidi ya aina 400.

Shughuli hii ina adabu zake, na adabu hizo zote zinatokana na kanuni moja: usalama wa ndege hutangulia furaha ya mtazamaji. Kiota hakisogelewi wala kuondolewa majani yanayokificha ili picha ipatikane, kwa sababu mzazi anaweza kukiacha, au nyani na kunguru wakakiona kwa urahisi. Kucheza sauti iliyorekodiwa ili kumwita ndege humfanya aamini kwamba mpinzani ameingia eneo lake, akaacha kula na kulisha makinda ili apigane na mpinzani asiyekuwepo. Pale wageni wanapofika kila siku, sauti hizo huwa mateso. Bundi aliyelala mchana hamulikwi kwa tochi wala kwa mwanga wa kamera. Na shamba la watu haliingiwi bila hodi. Mwenye shamba akielezwa kinachotafutwa, mara nyingi huwa kiongozi bora kuliko kitabu.

Ingawa mtu anaweza kutazama ndege peke yake, ujuzi hukua upesi katika kundi. Jumuiya ya Historia ya Asili ya Afrika Mashariki ilianzishwa mwaka 1909, na leo inafanya kazi Kenya kwa jina la Nature Kenya, mshirika wa shirika la kimataifa la BirdLife. Tangu mwaka 1971, Jumatano asubuhi watu hukusanyika kwenye Jumba la Makumbusho la Taifa jijini Nairobi na kwenda pamoja kutazama ndege katika sehemu mbalimbali za jiji. Matembezi hayo yaliongozwa kwa miongo kadhaa na Fleur Ng'weno, na wanasayansi na viongozi wa watalii wengi wa Kenya walianzia hapo, wakiwa wanafunzi walioazimwa darubini. Mafunzo ya namna hiyo hayalipiwi karo kubwa wala hayahitaji shahada. Anayejua humwonyesha asiyejua.

Kazi ya uhifadhi huanza pale orodha ya ndege inapotoka daftarini na kuingia katika kumbukumbu ya pamoja. Duniani, kumbukumbu iliyo kubwa kuliko zote za aina hiyo ni eBird, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Maabara ya Cornell pamoja na jumuiya ya Audubon. Nchini Kenya kuna mradi wa ramani ya ndege ulioigawa nchi katika miraba midogo, kila mmoja ukiwa na upande wa takriban kilomita 9. Mtazamaji huchagua mraba, hutumia angalau saa mbili ndani yake, na huandika kila aina anayoiona au kuisikia. Ramani hiyo mpya hulinganishwa na atlasi ya ndege wa Kenya iliyochapishwa mwaka 1989 na Adrian Lewis na Derek Pomeroy, na kwa kulinganisha hivyo, upungufu wa miongo mitatu huonekana. Tanzania nayo ina atlasi yake, iliyojengwa kwa kumbukumbu za watu wengi wa kujitolea tangu miaka ya 1980.

Hapa ipo kanuni moja ambayo wengi huisahau. Orodha yenye ndege adimu peke yake ina thamani ndogo kuliko orodha kamili ya ndege wa kawaida. Mtazamaji akiandika ndege wote aliowaona, yule asiyeandikwa naye anakuwa habari: alitafutwa kwa saa mbili, hakuonekana. Orodha mia za namna hiyo kutoka mahali pamoja hutoa kiwango, na kiwango kikishuka mwaka hata mwaka, kengele inalia mapema. Kumbukumbu za kawaida ndizo pia zilizofuatilia kuenea kwa kunguru wa India. Ndege huyo aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ale takataka, akavuka kwenda bara, akajaa Mombasa na Dar es Salaam, na kila alikoenda akala mayai na makinda ya ndege wenyeji. Serikali ya Kenya ilitangaza mwaka 2024 mpango wa kupunguza idadi yake, lakini mpango kama huo hauwezi kupimwa bila watu wa kuhesabu kabla na baada.

Ndege wa majini huhesabiwa kila Januari. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu wa kujitolea na watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya hutembea kandokando ya maziwa ya Bonde la Ufa na ghuba za pwani, wakihesabu kwa siku zilizopangwa. Heroe wadogo wanaonyesha kwa nini mpango wa pamoja ni wa lazima. Sehemu kubwa ya heroe wadogo wote duniani huishi Afrika Mashariki, na mahali pao pa kutegemewa pa kuzaliana ni Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, ambako magadi na joto kali huwazuia wanyama walao mayai. Nje ya msimu wa kuzaliana, heroe huhamahama kati ya Nakuru, Bogoria, Elmenteita na maziwa mengine wakifuata mimea midogo ya majini wanayokula. Anayehesabu ziwa moja anaweza kudhani kwamba heroe wamekwisha, kumbe wamehamia ziwa la jirani. Wakihesabiwa maziwa yote kwa wakati mmoja ndipo ukweli unapopatikana. Hesabu hiyo pia inaonyesha kwamba Natron likiharibiwa, maziwa ya Kenya nayo yatabaki matupu.

Kwa ndege warukao usiku, njia ni nyingine. Huko Ngulia, katika Hifadhi ya Tsavo Magharibi, taa za hoteli iliyo ukingoni mwa mlima huwavutia wahamiaji wakati wa ukungu wa Novemba na Desemba. Tangu mwaka 1969, wataalamu na wasaidizi wao wamekuwa wakiwanasa kwa nyavu laini, kuwapima uzito, kuwavisha pete nyepesi yenye nambari na kuwaachia. Ndege waliovishwa pete hapo wamefikia mamia ya maelfu, na baadhi wamepatikana baadaye katika nchi za mbali, jambo lililothibitisha njia wanazopita. Mmoja wa wageni wa Ngulia ni ndege mdogo wa kahawia anayezaliana katika mabwawa ya mafunjo ya Basra, kusini mwa Irak, na ambaye sasa yumo katika hatari ya kutoweka. Hatima yake inategemea maji ya Irak na vichaka vya Tsavo kwa pamoja.

Mahali ambapo kutazama na kulinda vimefungamana zaidi ni Msitu wa Arabuko-Sokoke, katika Kaunti ya Kilifi. Msitu huo una ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420, na ndio mkubwa kuliko yote iliyobaki ya misitu mikavu ya pwani ya Afrika Mashariki. Kwa mtu anayepita barabarani unaweza kuonekana ni pori moja, lakini ndani yake kuna sehemu tatu tofauti. Ipo sehemu ya mirihi, iliyo wazi na yenye mchanga mweupe. Ipo ya mifunda, iliyosongamana juu ya udongo mwekundu, na ipo ya miti mchanganyiko, ambako mbambakofi hukua. Bundi wa Sokoke, anayepungua urefu wa sentimita 20, huishi katika sehemu ya mifunda. Sayansi ilimtambua katika miaka ya 1960, na kwa muda alidhaniwa ni wa msitu huu peke yake hadi alipopatikana pia chini ya milima ya Usambara Mashariki, Tanzania. Viongozi wa wageni waliozaliwa vijiji vya kando ya msitu wanajua vichaka anavyolalia mchana, na bila wao mgeni mwenye darubini ya bei ghali huzunguka siku nzima asimwone.

Ndege mwingine wa Kilifi anafunza zaidi. Mnana wa Kilifi, ambaye hapatikani nje ya kaunti hiyo, aliandikwa kisayansi mwaka 1913. Makundi yake yalionekana yakitafuta wadudu juu ya mirihi, kisha yakatoweka kwa miezi, na kwa karne nzima hakuna aliyeandika mahali anapotaga. Jibu lilipatikana mwaka 2013 katika bwawa la msimu huko Dakatcha, kaskazini mwa Arabuko-Sokoke, ambako watazamaji wa Nature Kenya na wanakijiji wa kikundi cha uhifadhi wa Dakatcha walikuta viota kwenye majani ya bwawani. Ugunduzi huo ulibadilisha hesabu ya uhifadhi. Kulinda Arabuko-Sokoke peke yake hakutoshi, kwa maana ndege huyu hulala na kula msitu mmoja, na kuzaa kwenye bwawa lisilo ndani ya hifadhi ya serikali. Dakatcha ilikuwa imenusurika muda mfupi kabla, pale mpango wa kufyeka eneo lake kubwa ili kupanda mibono ya mafuta ulipopingwa na wakazi na wahifadhi hadi ukasimama. Uchomaji mkaa na kilimo cha mananasi bado vinaibana.

Msitu haulindwi kwa sababu ya ndege peke yao. Jirani anayeuona msitu kama chanzo cha tembo wanaokula mahindi yake hana sababu ya kuupenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wengi wa wakulima walioishi kando ya Arabuko-Sokoke walitaka ukatwe wapate mashamba. Mwaka 1993 ulianzishwa mradi wa Kipepeo pale Gede, ambapo wakulima hufuga viwavi wa vipepeo wa msituni na kuuza mabuu yao nje ya nchi. Msitu ukikatwa, biashara inakufa, na hivyo wafugaji wakawa watetezi wake. Mwaka 2001 shirika la A Rocha Kenya lilianza mpango wa kusaidia karo za sekondari kwa watoto wa vijiji vya kandokando. Sehemu ya fedha hutoka kwa wageni wanaolipa kiingilio kwenye daraja la mbao lililotundikwa juu ya mikoko ya Ghuba ya Mida, na wazazi huahidi kuulinda msitu na ghuba.

Kwenye daraja hilo, maji yanapojaa, mtazamaji huona vitwitwi waliotoka Siberia wakisogea kutafuta pa kupumzika. Kati yao wapo ndege warefu weupe wenye migongo myeusi na midomo minene ya kuvunjia kaa. Hawa huzaliana kwenye visiwa na fukwe za mchanga za Oman na Ghuba ya Uajemi, ambako huchimba mashimo na kutaga yai moja tu ndani yake, kisha huja Mida baada ya msimu. Kwa yai moja kwa mwaka, aina hii haiwezi kufidia hasara kubwa. Mikoko ya Kilifi ikikatwa, au fukwe za Oman zikijengwa, hesabu yao itashuka katika nchi zote wanazopita.

Uganda na Rwanda zimeonyesha jinsi mtazamo wa watu unavyoweza kugeuka. Katika bwawa la Mabamba, kando ya Ziwa Victoria si mbali na Entebbe, anaishi korongo nyangumi, ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mfano wa kiatu, ambaye hula kamongo. Wavuvi waliamini kwamba kukutana naye ni mkosi na kwamba siku hiyo hawatapata samaki, kwa hiyo wengine walimuua. Watazamaji walipoanza kuja, wavuvi wale wale wakawa wapiga kasia na viongozi, na korongo akawa chanzo cha riziki. Mwaka 2006 Mabamba iliingizwa katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya mkataba wa Ramsar. Nchini Rwanda, korongo taji walikuwa wakinaswa na kufugwa kama pambo katika hoteli na majumba. Chama cha uhifadhi kilichoanzishwa na daktari wa mifugo Olivier Nsengimana kiliwaomba wafugaji wawatoe bila kuadhibiwa, kikawatibu na kuwarudisha porini wale walioweza kuruka. Hesabu ya nchi nzima ya mwaka 2017 ilipata korongo wasiofika 500. Miaka michache baadaye hesabu ilipita 1,000. Mafanikio hayo yanajulikana kwa sababu tu kulikuwa na watu waliohesabu.

Kwa tumbusi, hali ni mbaya. Utafiti uliochapishwa katika miaka ya 2010 ulionyesha kwamba aina nane za tumbusi wa Afrika zilikuwa zimepungua kwa wastani wa asilimia 62 katika miongo mitatu. Sababu kubwa ni sumu. Mfugaji aliyeuliwa ng'ombe hunyunyizia mzoga dawa ya kuulia wadudu ili simba arudi afe, na tumbusi, ambao hula kwa makundi, hufa kwa makumi kabla simba hajafika. Wawindaji haramu nao hutia sumu mizoga ya tembo ili tumbusi wanaozunguka angani wasiwaonyeshe askari wa wanyamapori mahali uhalifu ulipofanyika. Mwezi Juni 2019, nchini Botswana, mizoga mitatu ya tembo iliyotiwa sumu iliua tumbusi 537. Madhara yake kwa binadamu yamekwisha kuonekana India, ambako dawa ya mifugo iitwayo diklofenaki iliangamiza tumbusi kuanzia miaka ya 1990. Mizoga ikabaki ikioza, mbwa koko wakaongezeka, na hatari ya kichaa cha mbwa ikapanda. Matumizi ya dawa hiyo kwa mifugo yalipigwa marufuku huko mwaka 2006. Kenya na Tanzania zinaweza kujifunza kabla ya kufika huko, na dalili ya kwanza itatoka kwa mtu aliyeandika kwamba katika nyanda fulani tumbusi hawaonekani tena.

Elimu ya ndege, kwa kweli, haikuletwa na darubini. Waborana wa kaskazini mwa Kenya na Wahadza wa Tanzania wamemfuata ndege aitwaye mlembe kwenye mizinga ya nyuki tangu zamani. Mwanasayansi Mkenya Hussein Isack, akishirikiana na Heinz-Ulrich Reyer, alichapisha mwaka 1989 utafiti uliothibitisha maelezo ya Waborana: katika eneo wasilolifahamu, warina asali walihitaji wastani wa saa 8.9 kupata mzinga bila mlembe, na saa 3.2 walipoongozwa naye. Nako Udzungwa, mwaka 1991, watafiti kutoka Denmark waliona miguu miwili ya ndege ndani ya chungu cha mchuzi kambini, wasiitambue. Ilikuwa miguu ya kwale ambaye wenyeji walikuwa wakimla siku zote, ilhali sayansi ilikuwa haina jina lake. Alitangazwa kuwa aina mpya mwaka 1994, na jamaa zake wa karibu wako Asia. Mtazamaji anayeuliza wenyeji, akaandika wanachosema na kuwataja, hufika mbali kuliko anayewapita.

Mchango wa mtu wa kawaida katika uhifadhi hauhitaji fedha nyingi. Miti ya asili ikipandwa uani, hasa yenye maua na matunda, hulisha ndege wengi kuliko mikalitusi. Dawa za kuua wadudu zikipungua shambani, ndege wanaokula viwavi hurudi na kufanya kazi hiyo bure. Vijana wanaowapiga ndege kwa manati wakipewa darubini na kazi ya kuhesabu, wengi hubadilika, maana macho makali tayari wanayo. Anayesafiri kutazama ndege anafaa kumlipa kiongozi wa kijiji husika na kulipia kiingilio cha hifadhi ya jamii, kwa sababu fedha inayobaki kijijini ndiyo inayomshawishi jirani wa msitu. Anayemkuta ndege aliyekufa akiwa na pete mguuni aandike nambari yake na kuipeleka makumbusho. Anayeona mzoga uliozungukwa na tumbusi waliokufa asiuguse, na awaarifu askari wa wanyamapori mara moja.

Lililo kubwa kuliko yote ni kumbukumbu. Serikali na mashirika hulinda kile ambacho kuna ushahidi kwamba kipo na kwamba kinapungua, na ushahidi huo kwa sehemu kubwa umetoka kwa watu wasiolipwa, waliotoka alfajiri na daftari. Shule, vikundi vya vijana na familia zianze na ndege wa mtaani mwao, ziandike orodha kamili mahali pale pale kila mwezi, na zizipeleke panapotunzwa kumbukumbu za taifa.